Kipande cha Katikati

Mjukuu wangu alihamia kwangu mama yake alipoondoka kwenda kufanya kazi mbali. Alikuja na begi moja, na maneno machache kuliko nguo zilizokuwamo. Kila jioni nilimuuliza, "Shule ilikuwaje, mke mwenzangu?" Alijibu, "Nzuri, Bibi," akala polepole, akaosha sahani yake na yangu bila kuambiwa. Msichana wa miaka kumi na mitano akikaa mezani wiki baada ya wiki bila kumtaja mwenzake hata mmoja, ujue huko anakoshinda yuko peke yake.

Halafu kikaja kitabu.

Ilikuwa hadithi ya msichana anayependwa na kijana aliyekufa zamani. Kijana mwenyewe hazeeki, halali, mikono yake ni ya baridi. Kitabu kilikuwa kimoja, kinene kama tofali, na wasomaji walikuwa kundi zima. Basi mwenye kitabu, msichana mrefu waliyemwita Kapteni, alikichana vipande, kila kipande akakishona kwa uzi, wakawa wanapokezana. Ukimaliza chako unampa anayekufuata. Mjukuu wangu walimweka katikati ya mstari. Sharti lilikuwa moja tu: anayepoteza kipande anatoka.

Jioni zikabadilika. Akawa anaingia anacheka. "Bibi, leo tumebishana mpaka kengele! Kapteni anasema yule kijana anajidai, mimi nasema anaogopa!" Mimi huyo marehemu sikumjua, lakini nilimshukuru. Alikuwa amenirudishia mtoto.

Ninashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, pamoja na jirani yangu, Mama Vifungo, anayeitwa hivyo kwa kuwa vifungo humjaa mdomoni na bado anaongea. Karatasi chakavu tunaziweka kwenye kikapu. Tunazigundisha, tunachora kola na mikono juu yake, tunakata, ndipo tunaziweka kwenye kitambaa.

Siku moja mjomba wake alikuja kutusalimu. Mjomba haachi kudhihaki. Mtoto alipomsikia mlangoni akachomeka kipande chake kikapuni, akidhani karatasi haionekani kati ya karatasi. Kwa fundi ni kinyume. Karatasi iliyomo kikapuni inasubiri mkasi.

Kesho yake mtoto alirudi kutoka shuleni, akaenda moja kwa moja kikapuni, akapekua. Kisha akatazama mezani.

"Mama Vifungo, hii kola..."

"Nzuri, eh? Karatasi ngumu kweli, nilizikuta humo zimeshonwa na uzi." Akatema kifungo kiganjani. "Mbona umekauka hivyo?"

"Ni kitabu cha watu."

"Jamani! Hicho cha mchumba wako maiti?"

Hakucheka. Mama Vifungo aliona, akatema vifungo vyote, akapiga magoti sakafuni kutafuta mabaki. Lakini mabaki alikuwa ameyachoma asubuhi pamoja na takataka. Zilibaki kola mbili na mkono mmoja, na maneno yaliyokatwa nusu.

"Wataniondoa, Bibi," alisema. Sauti haikupanda. "Nitarudi kukaa karibu na ukuta."

Nilisimamisha cherehani. "Umekwisha kukisoma?"

"Mara tatu."

"Basi andika yaliyokosekana. Nitakushonea."

Akakaa kwenye meza ya kukatia, kola mbele yake, akaandika. Mama Vifungo alimsogezea taa karibu na hakuuliza neno. Baadaye nikamuuliza mimi, maana lilinisumbua.

"Huyo kijana, humwogopi? Mtu wa kaburini?"

Aliwaza. "Bibi, shuleni kwao ni wengi. Wote wanampita yule msichana kama dawati. Yule kijana anaingia, anamwona. Msichana hajafanya kitu cha ajabu, hajajipamba, yuko tu. Na yule amekaa miaka mia hajamsemesha mtu, anaanza na yeye."

"Kwa hiyo si mapenzi."

"Ni mapenzi, Bibi!" Akaona haya. "Lakini hilo ndilo linakuja kwanza."

Nilishona kurasa zake kwa uzi mweupe, mshono mdogo mdogo kama wa nguo ya mtoto mchanga. Akalala mapema.

Siku iliyofuata nilishona sketi moja tangu asubuhi na kuifumua mara mbili. Aliporudi nilimjua kwa jinsi alivyofunga mlango, taratibu mno.

"Kapteni alijua," alisema. "Alisoma hadi pale msichana na kijana wanapokutana bustanini, akasema hapa kitabu hakisemi hivi. Nikawaambia ukweli. Kuhusu kola, na kila kitu."

"Na?"

"Wakacheka kuhusu kola. Hawakucheka vibaya. Ila sharti ni sharti, nimetoka. Yule aliyekuwa akinifuata amepokea kutoka kwa aliyekuwa mbele yangu."

Mama Vifungo alifungua mdomo, mimi nikamtazama, akaufunga. Nilitaka kumwambia mtoto aniletee hadithi mimi, nitamsikiliza mpaka mwisho. Ningemsikiliza kweli. Lakini nilijua mimi si lile kundi, na yeye alijua, na angenikubalia kwa huruma tu. Kwa hiyo nilimmiminia chai, nikakaa naye.

Alikunywa nusu kikombe.

"Kuna mmoja," alisema, "yule mfupi, wa mwisho kwenye mstari. Kengele ilipolia tulitoka pamoja getini. Alitembea na mimi hadi kwenye kona ya duka la vyombo."

"Alikwambia nini?"

"Hakusema kitu. Na mimi sikusema."

"Anaishi upande huo?"

Alifikiri, kama vile swali halikuwa limemjia. "Hapana. Yeye huenda upande wa pili, kule kwenye mnara wa maji."

Kutoka getini hadi duka la vyombo ni mwendo, tena kwenye jua lile, na kurudi vilevile. Nilimwambia hivyo. Akaweka kikombe chini, akatazama mlango kwa muda mrefu, kisha akaanza kuvua viatu vya shule, kimoja kimoja, bila haraka.