Mkandaji wa Mkate

Keziah Ogden alilibwaga donge la unga mezani kwa kishindo, sahani zikalia kabatini.

"Narudia, Bibi. Dada yangu anazikwa leo saa saba. Ruhusa niliomba tangu Jumanne."

Bi Fairclough alisimama mlangoni mwa jiko, sketi ameinyanyua isiguse sakafu. "Nami narudia: nina wageni kumi na wanne. Martha keshakufa, hatakuuliza ulikuwa wapi. Wageni wangu wataniuliza mkate uko wapi."

Miaka ishirini na miwili Keziah alikuwa amekanda mkate wa nyumba ile, hata vifundo vya vidole vikamvimba kama tangawizi. Hakuwahi kujibu. Leo alijibu.

"Si ukande mwenyewe?"

"Mimi?" Bibi alicheka. "Ledi, mwanamke wa kiungwana, hashiki unga, Keziah. Au hata maana ya neno hilo huijui?"

Hapo ndipo alipokosea. Mchungaji Lister alipokuja kutoa pole juzi, alimkuta Keziah akikanda huku machozi yanamtoka. Kwa kukosa la kusema, mzee yule akamsimulia alichokisoma kwenye kamusi yake: kwamba kwa Waingereza wa miaka elfu iliyopita, neno ledi lilikuwa maneno mawili yaliyoshikana, mkate na mkandaji.

"Naijua sana," alisema Keziah. "Ledi ni mwanamke anayekanda mkate. Kamuulize Mchungaji. Basi miaka yote hii nyumba hii imekuwa na ledi mmoja, na si wewe."

Uso wa Bibi uliiva. "Ukitoka hapa, usirudi!"

"Nani kakwambia narudi?"

Alivua aproni, akaitupa juu ya donge. Akakatiza sebuleni, mbele ya saa kubwa na picha za mababu wa watu, akatokea mlango wa mbele ambao hakuwahi kuupita, akauacha wazi upepo wa Machi uingie utakavyo.

Maili nne za matope alizitembea akitukana kwa sauti, matusi ambayo Martha angeyacheka mpaka akae chini. Alipofika kwa Martha, jeneza lilikuwa limekwisha kutolewa nje, mabegani mwa wanaume sita. Shemeji yake, Amos, mmoja wa wabebaji, alimtazama, macho mekundu.

"Jabez," alimwambia aliyekuwa nyuma yake, "mpishe."

Jabez alisita, mwanamke hajawahi kubeba jeneza. Kisha akatoka.

Keziah aliingiza bega chini ya ubao baridi. Wakaanza kupanda kilima cha makaburini.