Gia ya Pili Mteremkoni

Nasema ukweli, bado naumia. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, leseni ninayo mfukoni, halafu bamkubwa ananiambia, "Leseni yako bado ina joto la mashine iliyoichapa. Kaa hapo uhesabu miti."

Yeye na mamkubwa walikuwa wamenunua trela la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani, wakanichukua tulipeleke kambini, ng'ambo ya milima. Kulifunga nyuma ya gari nilifunga mimi. Kuendesha, hapana.

Kupanda hakukuwa na neno. Gia ya pili, taratibu, hadi malori yanatupita. Kileleni kuna kibao: shuka na gia ndogo. Bamkubwa akakisoma kwa sauti, akacheka, akaweka frii. Miaka ishirini aliendesha basi la wafanyakazi mjini, tambarare tupu, kwa hiyo kwake kila mteremko ni mafuta ya bure.

"Bamkubwa, rudisha gia. Tumepanda na ya pili, tunashuka na ya pili."

"Huyo mwalimu wako wa udereva amewahi kununua injini? Ikilia hivyo inakufa. Breki ziliwekwa za nini?"

Basi akazikanyaga. Na hakuachia. Kona ya kwanza, kona ya pili, mguu uko palepale, trela linatusukuma kisogoni kama mtu mwenye haraka kwenye foleni. Kona ya tatu harufu ikaingia.

"Nani kaunguza?" mamkubwa akauliza kutoka siti ya nyuma, utadhani tuko jikoni.

Hapo pedali ikazama mpaka chini, gari halikujali. Bamkubwa akaikanyaga tena na tena, bure.

"Kanyaga klachi," nikamwambia. Akakanyaga. Nikashika gia mwenyewe, nikatia ya tatu. "Achia." Injini ikapiga kelele, shingo zikaenda mbele. "Tena." Ya pili. Mwendo ukaanza kupungua, nikavuta handibreki kidogo kidogo mpaka tukajikokota kwenye kokoto za kando, tukasimama. Magurudumu yanafuka moshi.

Tulingoja saa nzima yapoe. Ahsante sikuisikia. Tukamalizia mlima na gia ya pili.

Kambini mlinzi wa geti akauliza njia ilikuwaje.

"Breki zilikufa," bamkubwa akasema, amekunja mikono. "Nikasema hapa ni uzoefu tu. Nikapiga tatu, nikapiga mbili, gari likatulia."

Nikapiga, anasema. Mimi nimesimama pembeni yake.

Mamkubwa alikuwa anashusha sufuria. Hata hakugeuka. "Klachi ulikanyaga vizuri, mume wangu. Tusikunyime haki yako."

Mlinzi akacheka mpaka akashikilia geti. Bamkubwa akanitupia ufunguo bila kuniangalia.

"Kurudi utaendesha wewe. Mgongo unaniuma."

Mgongo. Kwani alikuwa anafunga breki kwa mgongo?