Mpishi Aliyejifunika Kanga

Mzee Ambwene hakuja mbugani kutazama twiga. Alikuja kutafuta ng'ombe wake.

Kwao Ikuti migomba na chai vilikuwa vimeshika ardhi yote, ng'ombe hana pa kuweka kwato. Ndiyo maana aliwapeleka ng'ombe wake bondeni, mwendo wa siku nzima kutoka Tukuyu, wachungwe na mwanawe Nsajigwa. Kisha zikaja enzi za ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Kampuni ya utalii ikapewa bonde, mifugo ikaondolewa, maji yakarudi, matete yakasimama, na wageni wakaanza kulipa ili wamtazame nyati wasiyemla. Nsajigwa akapata kazi ya ulinzi humohumo. Kila salamu aliyotuma nyumbani ilikuwa ileile: ng'ombe wako salama, baba. Wako wapi, hakusema.

Sasa baba amekuja kujionea, na mwana hakufika kumpokea. Amemtuma dereva.

"Yuko doria, babu," alisema Gidion, kijana wa Msasani mwenye miwani ya jua kichwani. "Kasema nikutembeze kwanza, kama mtalii."

"Gwe kijana, mtu akikutembeza kwanza, ujue nyumbani kuna kitu hakijafichwa vizuri."

Walipita kwenye nyasi za rangi ya simba, wakashuka hadi kwenye maji. Korongo waliinuka kwa wingi hata jua likafifia kidogo. Watalii wawili waliokaa nyuma walipiga picha. Ambwene alitazama matope ya kandokando, akitafuta kwato anazozijua.

"Hawa wanyama walirudi wenyewe?"

"Wenyewe, babu. Maji yakirudi, nao hurudi."

"Na ng'ombe wangu waliondoka wenyewe?"

Gidion alicheka kidogo mno, akabadilisha gia.

Kambini jiko lilikuwa chini ya mgunga, nalo lilinukia nyama. Mwanamke alikuwa ameinamia sufuria. Alipogeuka na kumwona mzee akishuka garini, aliangusha mwiko, akavuta kanga usoni na kukimbilia nyuma ya hema.

Ambwene akasimama. Alitazama sufuria, kisha ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa kwenye kiti cha wageni. Nyekundu. Na yeye alikuwa na ng'ombe mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama.

"Karibu chakula, babu," Gidion alisema.

"Ndaga, nashukuru. Nina ndizi zangu mfukoni."

Akazunguka hema. Mwanamke akazunguka upande wa pili. Akarudi alikotoka, naye akarudi. Watalii waliona ni mchezo, wakainua kamera. Mwishowe mwanamke alipiga magoti akielekea matete, kichwa chote ndani ya kanga.

"Nyama hii ni ya ng'ombe wa nani?" Ambwene aliuliza, akimsogelea. "Mbona hujibu? Asiye na kosa hukimbia nini?"

"Baba! Usimsogelee!" Nsajigwa alikuwa akija mbio, kofia ya ulinzi mkononi. "Ni mkweo!"

Ambwene aliruka nyuma kana kwamba amekanyaga moto. Akageuka, akajifunika uso kwa kofia yake. Kwao mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, wala hawasemezani. Naye amemkimbiza mwali wa watu kuzunguka hema, mbele ya kamera.

"Mkwe wa wapi?" alisema ndani ya kofia. "Mimi sikutuma mshenga."

"Ni Happyness, binti wa Andrea. Ni wa kwetu, walihamia huku. Ng'ombe walipofukuzwa, baba, sikuwa na pa kuwapeleka…"

"Ukawapeleka mahari."

Nsajigwa aliinamisha kichwa kukubali. Jikoni mchuzi ulianza kuungua.

"Gidion," alisema, bado amewapa mgongo, "muulize huyo nisiyemwona. Yule mwekundu wa pembe iliyoinama, yuko zizini kwa baba yake?"

Gidion aliuliza. Sauti ndogo ilitoka ndani ya kanga, ikamjibu Gidion: "Yuko. Amezaa."

"Amezaa," Ambwene alirudia polepole. Maneno matupu alikuwa ameletewa mengi; sasa atajionea. "Washa gari. Twende kwa Andrea."

"Viboko bado hatujawaona, babu!"

"Viboko watangoja. Na wewe, Nsajigwa, panda nyuma na watalii." Aliposhika mlango alisita, akayaambia matete: "Huyo mpishi aambiwe mchuzi unaungua. Aniwekee kidogo. Nikimkuta mwekundu zizini, nitarudi kula."