Inga wa Roskilde

Kiti cha katikati sijawahi kukipenda, lakini siku ile ndicho nilichopewa, safu ya kumi na tisa. Ukitaka kuchagua kiti unalipia, na mimi kulipia pa kukaa wakati tiketi nimeshaikata, hilo sijalizoea. Nikajipenyeza. Dirishani alikuwa ameshakaa Dánjal, aliyetugawia barua kijijini mpaka alipostaafu, mtu wa mabega mapana yaliyofika hadi nusu ya kiti changu. Kichwa ameegemeza ukutani, kofia imefunika macho. Kiti cha kwenye njia kilikuwa bado kitupu. Nikaomba kimoyomoyo aje Mdenmaki yeyote, mradi hanijui.

Akaja Malan.

Malan ni wa kijiji cha pili, ng'ambo ya mlima. Tulifanya kazi pamoja kiwanda cha samaki miaka kumi na moja, meza moja, yeye anakata vichwa, mimi natoa miiba. Si mtu mbaya hata kidogo. Ila neno likiingia kwa Malan asubuhi, jioni limeshafika Suðuroy, kisiwa cha kusini kabisa, na huko watu hadi leo wanakwenda kwa meli.

"Elspa! Wewe na ndege wapi na wapi?" akasema, huku akisukuma mfuko wake kwenye kabati la juu. Ndani yake mlikuwa na paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo, limeviringishwa gazeti. Harufu ilitangulia kukaa kabla yake.

Niseme kabisa nilikokuwa nakwenda. Daktari wa Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu, alikuwa amepapasa titi langu la kushoto, akalipiga picha, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema ni heri wenzake wa hospitali kubwa ya Copenhagen waniangalie. Miadi ilikuwa kesho yake, saa tatu na nusu asubuhi. Sikumwambia mtu. Binti yangu Birita, ninayeishi naye nyumba moja, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kabla ya hiyo zilikuwa zimemtoka mbili. Ya pili ilitoka wiki ileile tuliyomzika baba yake. Nikajiapiza kwamba safari hii hatasikia lolote mpaka niwe na jibu mkononi.

Kwa hiyo nilimwambia nakwenda kumtembelea Inga wa Roskilde. Inga tulifua naye mashuka ya hoteli kule Denmark nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Birita alimjua kwa kadi za Krismasi tu. Ukweli ni kwamba Inga amefariki miaka minne sasa. Siku barua ya mwanawe ilipofika nilikuwa peke yangu jikoni, nikaisoma, nikaiweka chini ya vitambaa vya meza, na sikumtajia mtu.

Ndege ikakimbia kuelekea ziwa lililo mwisho wa uwanja, ikanyanyuka, na upepo wa milimani ukaitikisa kama kawaida yake. Wadenmaki wakashikilia viti. Sisi tukaendelea kuzungumza.

"Unakwenda kwa nani?" akauliza Malan.

"Kwa rafiki yangu wa zamani. Inga. Yuko Roskilde."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo, maana uso wake ulimeremeta.

"Roskilde! Mwanangu Jákup si yuko Roskilde? Anakuja kunipokea na gari! Basi tunakwenda wote, tunakufikisha mlangoni."

"Ah, msihangaike. Nitapanda treni. Mimi napenda treni."

"Treni na goti lako hilo? Acha masihara. Mtaa gani?"

"Karibu na kanisa kubwa."

"Jákup naye yuko karibu na kanisa kubwa! Elspa, Mungu kakuwekea gari." Akavuta kikopo kutoka kwenye pochi. Humo mlikuwa na vipande vyembamba vya nyama ileile. Alikuwa amevikatia nyumbani kwa kuwa kisu hakiruhusiwi ndani ya ndege. "Kula. Na huyo Inga tutamgawia kidogo. Nikifika tu nampigia Birita nimtoe wasiwasi, nimwambie mama yako niko naye mimi."

Bwana wa kiti cha mbele akageuka, akanusa, akatutazama kama tumemfungulia zizi. Malan akamnyooshea kikopo. Akakataa kwa heshima.

Kikapita kitoroli, nikanunua kahawa. Kikombe cha karatasi, kijiti cha kukorogea, maziwa kwenye kikopo kidogo cha plastiki ambacho kukifungua inabidi uwe na kucha. Nikakishughulikia taratibu kuliko ilivyohitajika. Meza ya kukunja iligusa tumbo langu, kiwiko cha Dánjal kiko mbavuni, cha Malan upande wa pili, na nilikuwa sina pa kugeukia. Nikawaza, huenda wataniacha kwenye mlango wowote wenye kengele, nikabonyeza, wakaondoka. Lakini Malan si mtu wa kuondoka. Malan angesubiri mlango ufunguliwe, angeingia, angevua viatu. Halafu angempigia Birita simu.

Nilipokuwa nafuma, nikiruka kitanzi sikuwa naendelea nikitumaini hakitaonekana. Nilifumua hadi pale nilipokosea. Hapa pia sikuona njia nyingine.

"Malan," nikasema, "nikikuambia neno, utaweza kulikalia?"

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. Kisha akaona sicheki, akaushusha.

Nikasogeza mdomo karibu na sikio lake, nikamwambia yote: daktari, picha, miadi, Inga kwamba hayupo, Birita kwamba hajui. Haikuchukua hata dakika mbili. Niliyahofia mwezi mzima maneno yenyewe, kumbe ni machache hivyo.

Malan akaacha kutafuna, akakiweka kikopo mapajani.

"Upande gani?" akauliza.

"Kushoto."

"Na mtoto ana miezi minane."

"Minane na wiki."

"Mimi nimelala," ikasema sauti ya dirishani. Dánjal, kofia bado machoni.

"Nani kakuuliza?" Malan akamrukia.

"Nasema tu, akina mama. Msije mkadhani nimesikia."

"Aliyelala hajibu watu!"

"Ndiyo maana sijibu. Barua za kijiji kizima zimepita mikononi mwangu miaka thelathini, umewahi kusikia ya nani inasema nini?"

Malan akafikiri. "Hapana," akakiri, na ilionekana kabisa kwamba jambo hilo lilikuwa likimuuma tangu zamani. Tukacheka wote watatu, mimi hadi kahawa ikamwagika kwenye sketi.

Kisha Malan akaninong'oneza kwa uso wa kazi. "Sikiliza. Kunyamaza siwezi, unanijua. Nikirudi nyumbani nimenyamaza watasema Malan kapatwa na nini, watanichimba mpaka walitoe. Kwa hiyo nipe cha kusema. Huyo Inga anaishi nyumba ya namna gani?"

"Aliishi ghorofa ya pili. Mlango wa kijani."

"Anaishi ghorofa ya pili," akanisahihisha. "Ana mume?"

"Walishaachana."

"Vizuri, hilo watu watalipenda. Paka?"

"Wa kijivu. Ana jicho moja."

"Anapika nini?"

"Keki ya tufaha. Huiunguza pembeni kila mara, kwa sababu anasimama dirishani kutazama watu wanaopita."

Nikaendelea, hata asipouliza. Jinsi Inga alivyokunja shuka pembe kwa pembe, akinivuta kwa makusudi hadi nipepesuke. Jinsi alivyonifundisha kukataa kazi ya Jumapili. Sikuwa nimemzungumzia Inga na mtu yeyote tangu afe. Nilidhani namtunza, kumbe nilikuwa nimemfungia. Malan alisikiliza huku akitafuna, akirudia baadhi ya mambo kwa midomo tu, kama mtoto anayekariri, na kwa muda ule wote, hadi mawingu yalipokatika na mashamba ya Denmark yakatokea, bapa na ya mraba, sikuwaza saa tatu na nusu.

Tulipotua, watu wote wakasimama kwa pamoja kama vile mlango ungewasubiri. Mimi na Dánjal tulisimama nusu, shingo zimepinda chini ya makabati. Malan yuko njiani na simu sikioni tayari, nami nilikuwa nimeshamkabidhi siri na sikuwa na namna ya kumnyang'anya.

"Birita, mwanangu! Ni Malan. Niko na mama yako hapa, ndege moja, kiti kwa kiti... Mzima kabisa! Kala nyama yangu yote... Ndiyo, kwa Inga. Yule wa paka mwenye jicho moja." Akanitazama moja kwa moja. "Leo analala kwa Jákup, kesho saa tatu asubuhi nampeleka mwenyewe. Eeh, na mimi nimealikwa. Sitatoka mpaka tumalizane."

Sikuwa nimemwomba anipeleke hospitali. Nikatikisa kichwa kumkataza, akanipa mgongo.

Kisha akageuka tena, ameziba simu kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Anauliza Inga anaendeleaje."

Watu walikuwa wakitusukuma kutoka nyuma. Nikashika mgongo wa kiti.

"Mwambie anatusubiri," nikasema.

Malan akamwambia. Dánjal akanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu, akashusha mfuko wangu, akaubeba mwenyewe, na foleni ikaanza kusogea.