Mpira wa Fransisko

Ujumbe uliingia Fransisko akiwa anapalilia kabichi. Kwa kawaida kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha nne halina habari za kumtisha mtu: leo wasichana wamefanya jaribio la fizikia, kesho wamewafunga majirani zao netiboli, na kila habari inafuatwa na msururu wa "Amina" na "Hongereni walimu". Siku hiyo hakuna aliyeandika Amina.

"Wazazi wapendwa," aliandika Mwalimu Semeni, mkuu wa shule, "bomba letu la mlimani limekauka kabisa. Maji yasipotoka hadi kesho mchana, tutawarudisha wasichana wote nyumbani, hata wa kidato cha nne."

Na mtihani wa taifa ulikuwa mwezi unaofuata! Fransisko alikaa chini palepale kwenye tuta. Alijua nyumbani kuna nini: wadogo wanne, kuni, vibarua vya shamba, na taa moja inayogombaniwa na kila mtu. Binti yake Judith akirudi huku wiki hizi za mwisho, masomo ndiyo basi tena.

Halafu akautazama mpira wake wa kumwagilia.

Tuseme ukweli. Kiangazi kilikuwa kikali, lakini si kiangazi peke yake kilichokunywa maji ya shule. Tangu Agosti Fransisko alikuwa ameuchomeka mpira ule kwenye chemchemi, juu kidogo ya pale bomba la shule linapoanzia, akaufunika kwa majani, na hakumwambia mtu. Mpira mmoja, alijiambia, tena mwembamba. Shule nzima itaujulia wapi? Na kabichi zenyewe alimlimia nani kama si Judith? Mtu akiamua kujidanganya, hoja hazimwishii.

Kulipopambazuka alipanda kwenye chemchemi akimwomba Mungu asikutane na mtu. Alikutana na Wilfred. Jirani yake huyo, ambaye binti yake yuko darasa moja na Judith, alikuwa amechuchumaa kwenye matope, anavuta mpira.

"Wilfred! Unafanya nini hapo?"

"Na wewe umefuata nini huku alfajiri yote hii?"

Wakatazamana. Kabla hawajamaliza kutazamana kichaka kikatikisika, akatokea Rosa, mjane anayelima karoti ng'ambo ya korongo. Naye ana binti palepale shuleni.

"Jamani, msinitolee macho," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."

"Hata mimi," alisema Wilfred.

"Hata mimi," alisema Fransisko, na uso ukamwiva kwa aibu.

Wazazi wengine wakaendelea kufika mmojammoja, kila mmoja akinyata, kila mmoja akigutuka kuwaona wenzake. Rosa ndiye aliyeanza kucheka. Walicheka wote, kicheko cha watu wanaojionea haya, huku wakichomoa mipira yao. Mpira wa mwisho ulipotoka, maji yakaanza kuingia kwenye bomba la shule kwa nguvu.

Lakini yatafika kabla ya mchana? Fransisko hakuweza kungoja kuambiwa na simu. Alishika njia ya shule, akateremka mlima kwa haraka ya mtu aliyeitwa msibani.

Alikuta basi limeshaegeshwa uwanjani. Wasichana wamekalia matranka yao, wengine macho mekundu kwa kulia. Hata jasho hajafuta, bomba la jikoni likakohoa. Likatema tope, likanyamaza, likatema tena, kisha maji yakamwagika kwa kishindo. Makelele yaliyopigwa hapo! Ndoo ziligombaniwa, na dereva wa basi akabaki anajitazama. Fransisko aliegemea ukuta. Alishukuru, akashukuru tena.

Judith alimjia mbio. "Shikamoo, baba! Umeona? Maji yametoka!"

"Marahaba, mwanangu. Nimeona."

Kisha macho ya msichana yakatua begani mwa baba yake. Fransisko naye akalitazama. Kwa haraka zake alikuwa ameteremka mlima mzima na mpira umeviringishwa begani, bado unachuruzika matope ya chemchemi. Judith ni mtoto wa mkulima wa kabichi, hakuhitaji kuelezwa.

"Karibu, mzazi!" Mwalimu Semeni alikuwa ameshafika. "Na mpira huo?"

Fransisko alifumbua mdomo ajieleze.

"Katuletea wa bustani ya shule, mwalimu," Judith alisema upesi, akaushusha begani mwa baba yake na kuukabidhi. "Ametutolea bure."

"Ndio wazazi tunaowataka!" Mwalimu akachomoa simu. "Simameni hapo, niwapige picha niirushe kwenye kundi."

Wakasimama bega kwa bega. Judith alimshika baba yake mkono, akaubana, akitabasamu mbele ya kamera.

"Na kabichi, baba?" alinong'ona.

"Zife," alisema Fransisko. "Wewe kasome."