Bei Iliyofuata Maombi

Ephantus alipomaliza kuandika bei aligeuza kitabu chake cha risiti ili nisome mwenyewe. Nikasoma polepole, kidole kikiwa chini ya kila tarakimu: elfu tisa, mia sita na hamsini. Nikarudia. Kisha nikapiga magoti kwenye saruji ya duka lake la sola, pale Kabiro, Kawangware, katikati ya betri na nyaya, nikilia, "Asante Yesu! Asante Yesu!"

"Mama, ni nini?" Ephantus akaruka kutoka kwa stuli yake. "Bei imekuumiza?"

"Mwache tu," akasema Opondo, jirani yangu aliyenipeleka huko. "Huyo ni mtu wa maombi."

Nililia kwa sababu hiyo ndiyo pesa tuliyokuwa nayo. Haikuzidi shilingi, haikupungua shilingi. Sikuwa nimemtajia Ephantus kiasi chochote. Hata Opondo sikuwa nimemwambia. Tulikuwa tumemtajia Mungu peke yake.

Jina langu ni Aoko, lakini mtaani kwetu Gatwekera wananiita Mama Daisy. Nauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kisumu Ndogo. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kubeba Biblia kanisani miaka kumi na minane, nikiifungua popote mkono ulipoangukia na kusema amina wengine waliposema. Darasa letu la ngumbaru lilikuwa la watu saba, na lilikutana chumbani mwangu jioni nne kwa wiki. Ukutani nilikuwa nimebandika magazeti ya zamani kuzuia baridi, kwa hiyo hatukukosa kitabu. Tulisoma kuta.

Mwalimu wetu, Lenah, alikuwa akifundisha watoto wa nasari mchana na sisi jioni, na kwetu hakudai kitu isipokuwa chai. Tulisoma kwa koroboi mbili za mafuta ya taa. Moshi wake ulikuwa umemwingia Mwalimu kifuani, na mwezi wa tano mwaka ule wa tisini na saba daktari akamwambia waziwazi kwamba akiendelea kuuvuta asimlaumu mtu. Mwalimu akatuambia bila kuzungukazunguka.

"Nawapenda. Lakini kama mwisho wa mwezi ujao hakuna taa isiyo na moshi, sitarudi."

Mtihani wetu ulikuwa Novemba. Stima ilipita juu ya vichwa vyetu ikienda kwa wengine. Iliyobaki ilikuwa sola, na pesa yetu ya mchango tuliyoweka mwaka mzima.

Kwanza nilienda duka moja kubwa la mjini. Wakanipa kotesheni, karatasi ya bei iliyopigwa taipu: elfu kumi na nane, mia nne. Nilirudi nayo nimeishika kama barua ya msiba.

"Yawa!" akasema Ouma, mzee wetu wa darasa, askari wa kulinda maboma ya matajiri. "Kwani ni taa wanauza, ama wanatuuzia jua lenyewe?"

Basi tukaingia katika maombi. Kanisani kwetu tumefundishwa kumwambia Mungu kitu kwa jina lake: unataka nini, lini, na una kiasi gani mkononi. Na hatuombi kwa kunong'ona. Kila jioni baada ya somo tulisimama, Ouma akaongoza kwa ile sauti yake inayoweza kufukuza mwizi hata akiwa amefumba macho. "Baba! Tuna elfu tisa, mia sita na hamsini! Wewe unajua sola iko wapi!" Nasi tukaitikia hadi mabati yakatetemeka.

Opondo alikaa upande wa pili wa ukuta wetu wa mabati. Alikuwa fundi wa redio, kijana wa miaka kama ishirini na sita, na rumba haikukauka chumbani mwake tangu asubuhi. Lakini tulipoanza kuomba, aliizima. Kila siku. Nilimpenda kwa hilo. Niliwahi hata kumwambia, "Opondo, Mungu atakukumbuka kwa heshima hiyo."

"Ni poa tu, mathe," akanijibu.

Habari ya sola haikuwa siri, Gatwekera nzima ilijua tunatafuta. Siku moja Opondo akaniambia ana rafiki Kabiro mwenye bei nzuri, na ndivyo nilivyofika kwa Ephantus na kuanguka kwenye saruji.

Jioni ile chumba changu kilikuwa kama kanisa siku ya Pasaka. Mutheu, mama wa Kitui anayefulia watu nguo Lavington, alicheza hadi akapiga sufuria teke. Mwalimu Lenah peke yake alikaa, ile karatasi ya Ephantus mkononi, akiisogeza karibu na koroboi.

"Sola moja. Betri moja. Taa mbili. Waya," akasoma. Akakohoa. "Sola ya wati ngapi, Mama Daisy?"

"Mwalimu, Mungu ametoa bei."

"Nimeona bei. Nauliza wati. Ile ya mjini imeandikwa wati ishirini, garantii mwaka mmoja. Hii haijasema kitu. Wewe ukienda kununua omena kwa jumla, unauliza gorogoro ni pesa ngapi kabla hujaangalia kitako chake?"

Najua gorogoro zote za Kisumu Ndogo, makopo ya kupimia yaliyobonyezwa kitako ili yashike kidogo. Mteja anaona mdomo mpana, haoni tumbo.

"Mwalimu, usimpime Mungu kwa gorogoro," akasema Ouma.

"Simpimi Mungu. Nampima Ephantus."

Tukakubaliana kwamba nitalipa Jumamosi, na kabla ya hapo nitauliza wati.

Jumanne Ouma alikuja na uso unaong'aa. Tajiri wake alikuwa amempa shilingi mia tano kwa kumaliza miaka kumi langoni bila kuibiwa hata kuku. Akaziweka zote mezani. Tulimshukuru Mungu kwa nguvu zetu zote. "Baba! Sasa tuna elfu kumi, mia moja na hamsini! Ongeza, Baba!" Ng'ambo ya mabati, redio ilikuwa imezimwa kama kawaida.

Kesho yake, haijafika saa moja asubuhi, nilikuwa nje napepeta omena kwenye ungo. Opondo akatoka na mswaki mdomoni.

"Mathe, kuna story mbaya kidogo. Ephantus ametuma mtu. Anasema dola imepanda."

"Imepanda hadi wapi?"

"Sola sasa ni thao kumi, na mia moja hamsini."

Elfu kumi, mia moja na hamsini: ungo ulinitoka mkononi. Omena ikamwagika kwenye tope na kuku wa jirani wakaja mbio, nami nikasimama nikiwatazama wakila biashara yangu, nisiweze hata kusema "sh!"

"Ametuma mtu saa ngapi?" nikauliza baadaye, lakini Opondo alikuwa ameingia ndani kusukutua mdomo.

Siku nzima niliuza bila kujua nauza nini. Jioni darasa lilipojaa nikawaeleza. Redio ya Opondo ilikuwa ikiimba, kwa hiyo nilizungumza karibu na masikio yao.

"Ngai!" akasema Mutheu. "Huyu Mungu wetu sasa anatembea na kalkuleta?"

"Labda ni ishara ya pili," akasema Ouma, lakini sauti yake haikuwa na mifupa.

"Ishara gani inapandisha bei, mzee?" akauliza Mutheu. "Bei ya kwanza ililingana na pesa yetu. Tukaongeza mia tano, naye Ephantus akaongeza mia tano. Ni nani alimwambia? Dola?"

Mutheu akanyoosha mkono na kugonga ukuta wa upande wa Opondo kwa kucha, taratibu, juu ya picha ya gazeti. Mabati yakalia kidogo. Tukatazamana.

Sijui nilipata wapi wazo lile, lakini nilimwambia Ouma, "Mzee, sema tuombe."

Ouma akavuta pumzi. "Haya, ndugu! Tusimame, tuombe!"

Redio ikazimwa.

Nimewahi kuzika mtoto. Nimewahi kuona nyumba ishirini zikiungua kwa usiku mmoja. Lakini kimya kile kilinipiga mahali ambapo sijawahi kupigwa. Wiki hizo zote nilikuwa nimekiita heshima.

Mutheu alinivuta sikio. "Tuombe kwa nguvu," akanong'ona, macho yakimcheka. "Tuseme wezi wamekuja, tumebaki na elfu nne. Kesho asubuhi utaona sola imekuwa elfu nne."

Darasa likaziba midomo kwa mikono. Hata Mwalimu alicheka hadi akakohoa.

"Hapana," nikasema.

"Si uongo, Mama Daisy, ni mtego," Ouma akanong'ona.

"Ni mtego, na ndani yake tutaweka jina la nani? Siwezi kumdanganya Mungu ili nimnase Opondo."

Basi tukasema Baba Yetu, tukaketi. Haikupita dakika, rumba ikarudi.

Kabla hatujaachana, Mwalimu alitufanya tuandike kila mtu orodha, kama zoezi: sola, wati ngapi, betri, taa mbili, waya, garantii, bei ya kila kitu peke yake. Ya Mutheu ndiyo iliyosomeka vizuri zaidi, naye Ephantus hakumjua. Siku ya pili, alipotoka kufua Lavington, akashuka Kawangware na orodha yake kwenye kitambaa cha kichwa.

Alitusimulia jioni ya Alhamisi, kwa sauti ya chini, huku akiigiza.

"Nikampa karatasi. Akaniangalia hivi. 'Mama, uko na ngapi?' Nikamwambia, niandikie. 'Sema tu uko na ngapi, nikusaidie.' Nikamwambia, sina hata ya sukari, wewe niandikie. Akaandika."

Akafungua kitambaa. Mwalimu akalaza karatasi mbili kando kando mezani, yangu na ya Mutheu. Mkono ni ule ule. Muhuri ni ule ule wa zambarau. Vitu ni vile vile. Kwangu elfu tisa, mia sita na hamsini. Kwa Mutheu elfu sita na mia moja. Na kwa sababu Mutheu aliuliza, hapo pameandikwa pia: wati kumi na mbili, garantii hakuna.

Ouma alivua kofia yake ya kazi, akaiweka magotini kama yuko matangani.

Mimi sikufikiria pesa kwanza. Nilifikiria saruji ya lile duka. Nilipiga magoti mbele ya yule mtu. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, juu ya wizi, na Opondo amesimama hapo ananitetea. Nikatoka nje nikashika mlango.

Niliporudi, Mutheu alikuwa ameweka karatasi ya tatu. Alikuwa amevuka barabara hadi duka la mtu mwingine: elfu saba na mia tisa, wati ishirini, garantii mwaka mmoja, na fundi wa kuja kufunga.

"Ephantus ni rahisi bado," akasema Ouma, akijaribu kuelewa. "Elfu sita."

"Rahisi kwa kitu gani, mzee?" Mwalimu akauliza. "Wati kumi na mbili zitachoka Jumatano, na sisi tunasoma hadi Alhamisi. Na ikifa, utampeleka wapi?"

Hapo Ouma akatazama karatasi zote tatu kwa muda mrefu, midomo ikicheza, akijisomea mwenyewe. Kisha akaweka kidole juu ya ile ya elfu saba na mia tisa. Tukakubali wote.

Ikabaki kuomba. Hatukujua tuombe vipi. Ni mimi niliyegawa penseli.

"Kila mtu aandike," nikasema.

"Mimi sijawahi kuomba kimya," Ouma akanong'ona kwa hofu ya kweli. "Nikinyamaza, Mungu atajuaje nimemaliza?"

"Weka nukta," akasema Mwalimu.

Tukainama. Rumba ilikuwa imekatika tulipokusanyika mezani. Kilichosikika kilikuwa penseli saba, na Mwalimu akikohoa ndani ya leso. Ng'ambo ya mabati stuli ikakwaruza sakafu, ikaja karibu. Ikanyamaza. Tukaendelea kuandika. Mtu upande ule alikuwa anapumua, nasi tulimsikia.

Muda ukapita. Kisha mlango wangu ukagongwa. Alikuwa Opondo, bisibisi mkononi, akitabasamu kwa upande mmoja.

"Mathe, sasa? Mko poa? Mbona leo hamjaomba?"

"Tumeomba."

"Saa ngapi? Mimi sijasikia kitu."

Neno lilipomtoka aliliona. Macho yake yakaenda mezani kwenye karatasi tatu, yakaenda kwa Mutheu, yakarudi kwangu. Akaitia ile bisibisi mfukoni. Siku nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, mengine ya Kijaluo ambayo sitayaandika hapa. Yote yakakauka. Nikampa karatasi yangu, kwa sababu yeye alisoma hadi darasa la nane.

Nilikuwa nimeandika hivi, kwa herufi kubwa: BABA TUNA ELFU KUMI MIA MOJA HAMSINI. MSAMEHE OPONDO. MIMI BADO SIWEZI. NISAIDIE.

Aliisoma. Akaisoma tena, midomo ikicheza kama ya Ouma. Akairudisha kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Usiku huo redio haikuimba, na asubuhi yake pia haikuimba.

Jumamosi tulinunua sola katika lile duka la ng'ambo ya barabara. Fundi aliifunga juu ya mabati yangu, na kila jioni tunaishusha na kuilaza ndani, tukiifunika kama mtoto, maana Gatwekera ni Gatwekera. Mwalimu Lenah hakuondoka. Jumatatu ya kwanza taa mbili zilipowaka, nyeupe, bila harufu, tuliona kwa mara ya kwanza jinsi kuta zilivyokuwa nyeusi kwa moshi, na magazeti mengine hayasomeki tena.

Ouma akasimama kushukuru. Akavuta pumzi, akapanua kifua. "Baba! Tumebaki na elfu..."

Akakomea hapo, mdomo wazi, akitazama ukuta wa upande wa Opondo. Kisha akaketi, akaomba penseli.