Kuteremka Wotta

Mwaka huo tulikuwa watatu tuliopanda pikipiki kwa kujifurahisha tu. Dodoma hilo si jambo la kawaida. Ukipita karibu na stendi, watu wanakuita "boda!" na kukutajia wanakokwenda kabla hujasimama.

Mimi, Shaibu, nina banda la ufundi wa pikipiki Chang'ombe, nililoachiwa na baba. Ambokile ni Mnyakyusa aliyekuja kufanya kazi ya maabara kule chuoni Chimwaga. Alianza kwangu kama mteja, tukawa marafiki. Emiliana ni muuguzi, anaishi Mkonze. Kabla ya kuhamishiwa mjini alikaa miaka minne kwenye zahanati moja ya milimani, wilaya ya Mpwapwa, akipeleka chanjo vijijini kwa pikipiki.

Yeye ndiye aliyetaka twende Wotta, kijiji cha zahanati ile.

"Mnajisifu kwenye lami," alituambia. "Twendeni mkaone kona."

Ijumaa alasiri Ambokile alileta pikipiki yake nimbadilishie breki ya nyuma. Nilifungua gurudumu, nikasafisha, nikaweka breki mpya, nikarudisha. Ikabaki nati moja ndogo mwishoni mwa fimbo ya breki. Niliizungusha kwa vidole tu. Nia yangu ilikuwa niijaribu barabarani kwanza, kisha niikaze kwa spana. Hapo akaingia mteja mwingine, Abdulwahab, mnyororo umemkatikia na ana haraka zake. Nilipomalizana naye, Ambokile alikuwa ameshawasha.

"Fundi, tayari?"

"Tayari," nikamjibu.

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Tulipita Ihumwa na Chamwino, tukakunja Mbande kuelekea Kongwa. Ilikuwa Juni, baridi ya asubuhi inakata vidole, mtama umeshavunwa na mashamba yamebaki mabua. Mpwapwa tulikunywa chai na chapati, tukajaza mafuta, tukaendelea. Tulipoivuka Kibakwe mlima ulikuwa mbele yetu.

Barabara ile ni ya udongo na changarawe. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine huoni kitu ila vilele vya miti iliyo chini yako. Kabla ya kuanza kupanda Emiliana alitusimamisha.

"Gia ndogo. Mbele mimi, katikati Ambokile, nyuma Shaibu. Usitazame bonde, tazama unakotaka kwenda. Pikipiki inafuata macho."

Ambokile hakupenda kufuata mtu, lakini alifuata. Emiliana alikuwa akiziingia zile kona kama mtu anayezunguka nyumba yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tunahema. Mimi kona mbili nilishusha miguu yote chini, nikashukuru kuwa wa mwisho.

Juu kulikuwa na ukungu na mashamba ya maharage. Tulikula kwa mama mmoja aliyekuwa jirani wa Emiliana enzi zile. Alitupikia ugali wa moto, tukakaa jikoni karibu na mafiga kwa sababu ya baridi. Saa nane mchana tukaaga.

Wakati wa kupanda breki haina kazi kubwa, injini na mlima vinatosha. Kuteremka ni habari nyingine. Kwenye kona ya nne au ya tano nilimwona Ambokile mbele yangu akikanyaga. Taa ya breki iliwaka, lakini pikipiki haikupunguza mwendo. Akakanyaga tena. Kisha akaminya breki ya mbele kwa nguvu, juu ya changarawe, pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Gurudumu la mbele likateleza. Mtu na pikipiki wakatoka barabarani, nikabaki natazama vumbi.

Sikumbuki nilivyosimamisha yangu. Nakumbuka nilipofika ukingoni, Ambokile alikuwa mita sita au saba chini, amenaswa kwenye vichaka, anatazama juu. Alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali pasipopinda.

Emiliana alikuwa amesikia kishindo na kugeuza. Alishuka kwa makalio, akishika mizizi, mimi nyuma yake. Alimshika shingo, akamuuliza siku, akamuuliza jina la mama yake, akambonyeza mgongo na mbavu. Ndipo akautazama mguu.

"Muundi umevunjika. Ngozi haijapasuka, tushukuru. Shaibu, nitafutie miti miwili iliyonyooka."

Nilipokuwa natafuta miti nikaipita pikipiki, imelala kwenye jiwe. Nilijua nitazame wapi. Fimbo ya breki ilikuwa inaning'inia, nati haipo. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeizungusha ikatoka yenyewe.

Nilipomletea miti, Emiliana aliniuliza bila kuinua kichwa, "Ilikuwaje? Breki?"

"Sijui," nikasema.

Hivyo tu. Neno lilitoka kabla sijalipima.

Simu hazikushika mtandao. Akatokea mzee mmoja, Stanley, amebeba jembe na kamba ya kufungia kuni. Emiliana akamwamkia kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili: "Shikamoo baba, tusaidie."

"Marahaba, mwanangu. Mmeanguka wangapi?"

"Mmoja."

"Basi si vibaya," akasema, akaanza kufunga kamba kwenye mti.

Kwa kamba ile na mabega yetu tulimpandisha Ambokile barabarani. Alipiga kelele mara moja, akaomba radhi. Emiliana alikuwa ameshaufunga mguu na miti kwa kanga aliyoipasua vipande.

Ikabaki namna ya kushuka. Tukapanda mshikaki: Emiliana akiendesha, Ambokile katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asilegee. Mguu wake tuliulaza juu ya chuma cha ulinzi cha mbele, tukaufunga na kitambaa. Pikipiki mbili zilizobaki tulimwachia mzee Stanley.

Emiliana aliteremka kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea. Kila jiwe Ambokile alilihisi, nami nikalihisi kupitia mgongo wake. Jasho lake lilikuwa la baridi. Mahali fulani katikati ya mlima akasema, taratibu:

"Fundi."

"Naam."

"Nisamehe. Nimewaharibia safari. Mimi na mbio zangu."

Hakuwa na mbio zozote. Nilikuwa nyuma yake, nilimwona. Aliingia kona ile vizuri kabisa. Nilitaka kumwambia hapo hapo, lakini Emiliana alikuwa anakata kona, mikono yake imekakamaa kwenye usukani, na nikaogopa kumtikisa. Au ndivyo nilivyojiambia. Tulitumia saa mbili kufika kwenye kituo cha afya cha Kibakwe.

Walimchoma sindano ya maumivu, wakaanza kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya wilaya. Emiliana akatoka nje kunawa mikono. Nikavuta kigoda.

"Ambokile, si mbio zako. Ni nati ya breki ya nyuma. Jana sikuikaza. Ulipouliza kama tayari, nilikujibu tayari, na haikuwa tayari."

Alijiinua kwa viwiko.

"Kule juu ulijua?"

"Nilijua."

"Emi alikuuliza. Nilisikia. Ukasema hujui."

"Nilisema hivyo."

Akageuza uso ukutani. Emiliana aliporudi nikamwambia na yeye. Hakunigombeza. Alisema, "Nenda ukazilete pikipiki, mzee wa watu anangoja," kisha akapanda gari na mgonjwa.

Ambokile alikaa na plasta miezi mitatu. Nilikwenda kumwona kila Jumapili. Jumapili nne za kwanza alizungumza na Emiliana tu, nami nikawa mtu wa kuchemsha chai. Ya tano aliniuliza timu yangu imecheza vipi. Nikamweleza mchezo mzima, hata kona zilizopigwa, na akacheka kidogo.

Pikipiki yake niliitengeneza upya, nikairudisha Chimwaga mwenyewe. Alipopona alianza kuipanda tena. Siku moja nikaiona imeegeshwa kwa Hanifu, fundi wa mtaa wa pili, inabadilishwa oili. Ambokile alikuwa amekaa kwenye benchi pale. Akaniona, akanyanyua mkono.

"Fundi, jioni upo?"

"Nipo."

"Nitapita tunywe kahawa."

Alipita kweli, na anaendelea kupita. Pikipiki bado inatengenezwa kwa Hanifu. Emiliana anataka mwezi ujao twende Kondoa, tupande vile vilima vya Kolo, na Ambokile amesema atakwenda, ila mbele akae yeye mwenyewe.